Uzi: Hii "moral turpitude" inayorushwa kwenye midahalo ilitoka wapi?

Msimu wa siasa ukikaribia, neno hili hurudi. Mtu kwenye jopo la runinga anasema mpinzani wake hafai kusimama kwa sababu ana kosa la moral turpitude. Mwenzake anajibu kwamba hajawahi kulala jela hata usiku mmoja. Mwendesha mdahalo anaenda matangazo, na sisi huku nyumbani tunabaki kuulizana: kosa hilo ni lipi? Ni wizi? Ni uzinzi? Ni kupiga mtu kwa baa?

Mmeniuliza kwa inboksi mara nyingi, kwa hivyo leo naandika. Kanuni ya hapa mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta jina kwenye majibu nalifuta, hata kama ni la yule ambaye sote tunamfikiria.

Mimi neno hili sikulipata kwa siasa, nililipata kwa fomu. Mtoto wa mamangu mdogo alishinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akaja kwangu na faili ya plastiki ili nimsaidie kujaza. Tulienda vizuri mpaka tukafika kwa swali la kama amewahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote. Akanyamaza. Akiwa na miaka 19 alipigana na jamaa mmoja kwa steji ya matatu. Wote wawili wakapelekwa kortini kwa kupigana hadharani, yeye akakubali kosa ili yaishe, akalipa faini, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. "Brathe," akaniambia, "hapa kwa maelezo wanasema mtu wa moral turpitude haingii. Mimi ni huyo?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, na niliyoyapata ndiyo haya.

Neno lenyewe ni la Kilatini. Turpis ni kitu kibaya, cha kuchukiza, cha kuaibisha. Kwa Kiswahili unaweza kusema uovu wa kimaadili, au utovu wa maadili, ingawa hilo la pili limeshakuwa jepesi mno, hata mwanafunzi aliyechelewa paredi anaambiwa ana utovu wa nidhamu na maadili. Kwangu mimi tafsiri iliyo karibu ni kosa la aibu: kosa ambalo watu wakilisikia wanaanza kukutazama kwa jicho lingine. Kamusi za sheria za Marekani zimelieleza kwa miaka mingi kuwa ni tendo la uduni, ubaya au uozo katika wajibu ambao mtu anao kwa wenzake na kwa jamii. Soma hiyo tena pole pole. Inakuambia kwamba kosa baya ni lile lililo baya.

Wanasheria walijaribu kuchora mpaka. Wakasema kuna kosa ambalo ni baya lenyewe, hata kama hakungekuwa na sheria: kuua kwa kukusudia, kuiba, kumlaghai mjane shamba lake. Halafu kuna kosa ambalo ni kosa kwa sababu tu serikali imekataza: kuuza mandazi bila leseni, kuvuka barabara mahali si pake. La kwanza lina turpitude, la pili halina. Kwa karatasi inapendeza. Lakini chukua mtu aliyeandika hundi akijua akaunti haina pesa, akitumaini mshahara utaingia kesho. Chukua mwanamke aliyeachana na mume na kuishi na mwanamume mwingine. Chukua aliyeiba mahindi mabichi usiku. Hapo kila hakimu anaanza kusoma moyo wake mwenyewe badala ya kitabu.

Mapema kabisa neno hili lilifanya kazi kwenye kesi za kuchafuliana jina. Mwaka 1809 huko New York kulikuwa na kesi ya Brooker na Coffin. Mwanamke mmoja aliitwa kahaba, akaenda mahakamani na mumewe. Swali likawa kama anaweza kudai fidia bila kwanza kuonyesha hasara aliyoipata. Mahakama ikaweka kipimo: kama ulichomsingizia mtu, kingekuwa kweli, kingemfikisha kwenye mashtaka ya jinai yenye moral turpitude au yenye adhabu ya fedheha, basi anaweza. Yule mama akashindwa. Yaani neno lililokuja kuwa rungu la kulinda maadili, siku zake za kwanza halikuweza kumlinda mwanamke aliyetukanwa mchana kweupe.

Kisha mwaka 1891 Bunge la Marekani likaliingiza kwenye sheria ya uhamiaji. Wakati huo meli zilikuwa zinashusha maelfu ya watu kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya, na wenyeji walikuwa wanalalamika jinsi wenyeji wanavyolalamika kila mahali. Sheria ikasema asiingie mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, la fedheha, au dogo lenye moral turpitude. Bunge halikueleza maana yake. Limebadilisha sheria za uhamiaji mara nyingi tangu hapo, na mpaka leo halijaeleza.

Hapa kuna kisa ambacho napenda kukisimulia. Februari 1926 mwanamke wa tabaka la juu la Uingereza, Countess Vera Cathcart, alifika New York kwa meli. Alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza na alitaka kuupeleka jukwaani. Afisa akamuuliza kuhusu ndoa, naye akajibu ukweli: ameachika, na sababu ya talaka ilikuwa uzinzi. Akazuiwa Ellis Island kwa moral turpitude. Sasa, mwanamume aliyehusika naye kwenye uzinzi huo, Earl wa Craven, alikuwa ameshaingia Marekani na yuko New York anastarehe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Magazeti yakawaka, vikundi vya wanawake vikapiga kelele, na ndipo serikali ikatoa hati ya kumkamata bwana huyo pia. Akakimbilia Canada. Mwishowe jaji akamwachilia yule mama kwa sababu ya kawaida kabisa: tendo lilifanyika Afrika Kusini, na huko uzinzi haukuwa kosa la jinai.

Angalieni kilichotokea hapo. Tendo moja, watu wawili, na aliyezuiwa mlangoni ni yule aliyesema kweli.

Kesi kubwa zaidi ilikuja 1951, inaitwa Jordan na De George. De George alikuwa Mwitaliano aliyeishi Chicago kwa miaka mingi, akahukumiwa mara mbili kwa kula njama ya kuikwepesha serikali ushuru wa pombe. Serikali ikataka kumrudisha Italia. Yeye akasema: hamwezi kunifukuza kwa neno ambalo hakuna mtu anajua maana yake. Mahakama ya Juu ikamkatalia. Majaji wengi wakasema inawezekana neno lina kingo zenye ukungu, lakini ulaghai umekuwa ndani yake sikuzote, hakuna mahakama iliyowahi kuutoa. Majaji watatu wakapinga. Jaji Jackson, aliyewaandikia hao watatu, alisema neno hili halina maana imara ya kutosha kuwa kipimo cha kumtoa mtu nchini.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki yao. Majaji wengi walikuwa sahihi kuhusu De George. Mtu anayeiibia hazina ya umma kwa njama, mara mbili, hawezi kudai kwamba hakujua ni jambo la aibu. Jackson naye alikuwa sahihi kuhusu wengine wote watakaokuja baadaye na makosa ya pale katikati.

Mpaka hapa tumeongea kuhusu kuingia nchini. Kwenye kura ndipo mambo yanakuwa mazito.

Mwaka 1901 jimbo la Alabama liliandika katiba mpya. Katiba ya Marekani ilikuwa imeshakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, na mwenyekiti wa mkutano wa kuandika katiba hiyo hakuficha: lengo lilikuwa kuimarisha utawala wa weupe kadiri katiba ya nchi inavyoruhusu. Huwezi kuandika "weusi wasipige kura". Kwa hivyo unafanya nini? Unaandika orodha ya makosa ambayo unaamini watu weusi ndio watakaokamatwa nayo. Kwenye orodha kulikuwa na uzururaji, kumpiga mke, kuishi na mtu kwa uzinzi, ndoa kati ya mweusi na mweupe. Na kwa kufunga mfuko, wakaweka: au kosa lolote lenye moral turpitude.

Kufikia Januari 1903, kwa makadirio ya mwanahistoria yaliyokuja kutolewa mahakamani, kifungu hicho kilikuwa kimewanyima kura watu weusi mara kumi zaidi ya weupe.

Kifungu kiliishi miaka 84. Mwaka 1985 watu wawili waliohukumiwa kwa kutoa hundi zisizo na pesa, mmoja mweusi na mmoja mweupe, walifika Mahakama ya Juu na kushinda. Kwenye hukumu hiyo kuna jambo ambalo lilinifanya niweke simu chini nicheke kwa uchungu. Alabama hiyo hiyo, aliyeandika hundi mbovu alipoteza kura, lakini aliyemshambulia polisi hakupoteza. Aliyeua mtu bila kukusudia, kwa daraja la pili, naye hakupoteza. Huo ndio ulikuwa mzani wa maadili.

Hadithi haikuisha. Mwaka 1996 jimbo likarudisha maneno yale yale, safari hii kwa makosa makubwa tu, na bila orodha. Msajili wa wapiga kura wa kaunti hii anaamua hivi, wa kaunti ya pili anaamua vile. Ilibidi ifike 2017 ndipo likapitisha sheria inayotaja makosa kwa majina, chini ya 50. Zaidi ya miaka mia moja ili kuandika orodha.

Najua kuna mtu anasema hayo ni ya Wamarekani, yanatuhusu nini. Haya, turudi nyumbani, mwaka wa 1957.

Machi mwaka huo Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kuingia baraza la kutunga sheria kwa mara ya kwanza, viti vinane. Serikali ya kikoloni haikutumia maneno moral turpitude. Ilitumia wazo lake, kwamba kura ni ya mtu wa tabia inayofaa, na mwenye kupima tabia ni serikali. Kwa mpango uliotokana na ripoti ya Coutts, Mwafrika alihitaji sifa fulani ili apige kura: elimu, kipato au mali, utumishi wa muda mrefu, uzee wa heshima. Mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu. Mzungu mtu mzima hakupewa mtihani huo. Na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kuliongezwa sharti jingine: cheti cha utiifu. Ungekuwa umesoma, una ng'ombe, una mvi, lakini kama afisa wa utawala hakuridhika kwamba ulikuwa upande wa serikali wakati wa Hali ya Hatari, hupigi kura.

Ndiyo maana kwetu watu wa umri fulani wakisikia "mtu wa tabia njema" wanauliza kwanza, ni nani ameandika hicho cheti?

Sasa tuje kwa Katiba yetu ya 2010, kwa sababu hapa ndipo midahalo inapotea njia. Ibara ya 99 ndiyo inasema nani hawezi kugombea ubunge. Isomeni. Maneno moral turpitude hayamo. Anayeyatumia kwenye jopo kana kwamba yameandikwa hapo, ameyaazima kwingine.

Kilichomo ni muda. Asiyeweza kugombea ni mtu ambaye, siku ya kusajiliwa kama mgombea au siku ya uchaguzi, yuko chini ya kifungo cha angalau miezi sita. Kipimo cha miezi tumekirithi, hata katiba ya zamani ilihesabu miezi sita. Tena ibara hiyo inasema mtu hafungiwi mpaka nafasi zote za rufaa na mapitio ziishe. Fikirieni maana yake. Mtu amemlaghai mwenzake shamba, hakimu akampa faini, akailipa: kifungu hiki hakimgusi. Mwingine amefungwa miezi minane kwa ngumi ya baa: kinamgusa, mpaka kifungo kiishe. Wa tatu amehukumiwa miaka saba kwa pesa za umma, amekata rufaa, rufaa inatambaa kama konokono: anagombea, anashinda, anaapishwa, na muhula unaisha kabla ya uamuzi.

Wenye kusoma sheria wataniambia kuna mengine, na ni kweli. Ibara hiyo hiyo inamfungia aliyethibitika, kwa mujibu wa sheria, kutumia vibaya ofisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 inamfungia aliyehukumiwa kwa ufisadi asichaguliwe wala kuteuliwa kwa miaka kumi. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ina fomu ambayo mgombea anajaza na kuapa, akijibu kama amewahi kukosa uaminifu katika mambo ya umma, na mengine ya namna hiyo. Anajijibu mwenyewe. Sijawahi kumsikia aliyeandika "ndiyo".

Majirani wamechagua njia tofauti. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ya Uganda inamzuia aliyehukumiwa ndani ya miaka saba kwa kosa la kukosa uaminifu au lenye moral turpitude. Katiba ya Ghana ya 1992 nayo inalo neno hilo. Tanzania, wakiandika kwa Kiswahili, wametumia "utovu wa uaminifu", na mimi naona wao ndio walioshika mahali pazuri. Uaminifu unaweza kuupima: ulisema uongo ili upate kitu, au hukusema? Maadili kwa jumla yanaweza kuwa chochote, kuanzia wizi wa dawa za hospitali hadi urefu wa sketi.

Kwa hivyo msimamo wangu, kwa wale mlioniuliza: sitaki neno hili liingizwe kwenye katiba yetu. Siyo kwamba natetea wezi, na najua majibu ya kwanza hapa chini yatasema hivyo. Natetea orodha. Kama tunaamini aliyeghushi shahada, aliyeuza ardhi ya shule au aliyekula pesa za dawa hafai kuongoza, tuyaandike makosa hayo kwa majina, iwe amefungwa au amelipa faini, na tuipe korti muda wa kumaliza rufaa. Tukiandika neno pana, siku moja atakayelijaza ni mtu mwenye kinyongo. Na mwenye pesa atapata wakili wa kueleza kwamba la kwake si la aibu, lilikuwa ni kutoelewana kwa kibiashara. Kijana wa mtaani hatapata wakili huyo.

Nasema hivyo kwa sababu ya huyu ndugu yangu. Kabla ya mambo ya viza aliomba kazi ya ulinzi. Walitaka cheti cha tabia njema cha polisi, akatoa alama za vidole, cheti kikarudi na ile kesi ya steji ya matatu. Meneja hakuuliza alipigana na nani wala kwa nini. Alisoma mstari mmoja, akarudisha karatasi. Miaka ilikuwa imepita, faini imelipwa, na yule waliyepigana naye siku hizi hukutana wakasalimiana vizuri tu. Nchi ambayo mlinzi wa lango anahitaji cheti kisicho na doa, lakini anayeomba ufunguo wa hazina anajijibu mwenyewe kwa fomu, sijui niiite nini.

Kuhusu viza, tulimtafuta wakili anayejua mambo hayo. Alituambia ugomvi wa kawaida, bila silaha na bila nia ya kumdhuru mtu vibaya, kwa kawaida hauhesabiwi kuwa na moral turpitude. Halafu akamtazama ndugu yangu na kumwambia kwamba kilicho hatari ni kuficha. Akiandika "hapana" na wakagundua, huo sasa ni ulaghai kwenye ombi la viza, na mlango unaweza kufungwa maisha.

Akaandika "ndiyo". Tulikwenda kwa masijala ya korti mara tatu kutafuta nakala ya hukumu, mara ya tatu karani akaipata chini ya mafaili mengine, ukurasa mmoja na nusu, na jina lake limeandikwa vibaya. Tumeiambatisha hivyo hivyo na kiapo cha kusahihisha jina. Anangoja tarehe ya mahojiano.

Mwenye swali aweke hapa chini, nitajibu nikitoka kazini. Majina, hapana.